Mwenge mpaka Tanga kwa baiskeli: siku nne za Nanenane, mazoezi ya safari ya Desemba

Nimechelewa kuandika hii, najua, kwenye grupu nimeshatukanwa vya kutosha. Nilikuwa nasubiri picha za wenzangu na daftari la Katibu wa klabu, maana mimi mwenyewe njiani niliandika mistari mitatu tu na mmojawapo unasema "makalio jamani" bila tarehe wala mahali.

Kwa wasiotujua, sisi ni klabu ya baiskeli, wale wa Jumamosi. Mwenge ya Dar es Salaam mpaka Bagamoyo na kurudi, kama kilomita 120, chai, picha, kila mtu kwake. Desemba tunataka kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, siku sita. Sasa mwenzetu Mwalimu akauliza swali kwenye kikao cha Juni, nani hapa amewahi kuamka asubuhi baada ya kilomita mia na ishirini akapanda tena siti ileile? Kimya. Basi ikaamuliwa Nanenane ya 2024 maadamu imeangukia Alhamisi, ukiomba ruhusa ya Ijumaa tu unapata siku nne, twende Tanga tujipime.

Wiki sita za kabla siwezi kuzisimulia zote, zilikuwa Jumamosi za kilomita 80, kisha 100, kisha 120 na wikiendi moja ya Jumamosi na Jumapili mfululizo ambayo ilitupunguzia watu watatu. Tukabaki kumi na moja, wanaume nane na wanawake watatu. Mchango laki na nusu kila mmoja: kulala, kula, basi la kurudi na akiba ya dharura. Jumatano usiku Katibu alikuja na mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza nyama, akapima mabegi. La kwangu kilo tisa. Akatoa jinzi, akatoa viatu vya pili, akatoa chupa ya losheni kubwa, akabakiza pampu. Pampu nzuri ya klabu ni moja tu na mimi ndo niliaminiwa nayo. Ikumbukeni hiyo pampu.

Siku ya kwanza, Alhamisi 8 Agosti: Mwenge – Bagamoyo – Msata, kama km 124

Tulipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukaondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mmoja alisahau helmeti, mwingine alikuwa anatafuta mahali pa kuweka upepo, na kuna mtu sitamtaja alikuwa anakula supu. Mpaka Tegeta ilikuwa vumbi la ujenzi wa mwendokasi, michepuko, daladala zinakuchomekea, hakuna cha kusimulia. Ukishapita Bunju unaanza kupumua, Mapinga, Kerege, Zinga, lami nzuri na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni. Mwezi wa nane ukielekea kaskazini upepo ni wako, ukirudi utaulipia, ndo maana sisi tulirudi na basi.

Bagamoyo tulikunywa chai saa tatu na nusu. Chapati mbili, maharage, chai ya rangi, elfu mbili na mia tano. Dogo, ambaye yuko chuo na anajua kila kitu, akaanza kutuhadithia wapagazi wa zamani waliotembea miezi kutoka bara na pembe kichwani mpaka hapa Bagamoyo, Mwalimu akamwambia sawa, maliza chapati, wewe umetoka Mwenge.

Kosa lilianzia baada ya chai. Barabara ya kwenda Msata ni kilomita 64, lami safi, magari machache kuliko ile ya Chalinze, na mimi nilikuwa mbele na jamaa watatu wenye miguu. Tukapita bonde la Ruvu tukiwa kwenye 30 kwa saa, mmoja anakata upepo dakika mbili anatoka, mwingine anaingia, utamu wa ajabu. Ukikaa vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzako, umbali wa kama baiskeli nusu, unaokoa nguvu robo au zaidi, unajiona umekuwa bingwa kumbe unabebwa. Hakuna aliyegeuka nyuma. Kiwangwa tukasimama kula nanasi, Kiwangwa ndo kwenyewe kwa mananasi, moja lilikuwa elfu moja na mia tano na yule mama anakumenyea na kukukatia kwenye mfuko. Tukala la kwanza. Tukala la pili. Dakika arobaini zikapita tukawa tunacheka kwamba wenzetu wamelala.

Nikatoa simu nipige picha ya maganda. Nimepigiwa mara tisa. Simu ilikuwa kimya, ndani ya begi, chini ya pampu.

Nyuma huko walipata pancha mbili kwa mpigo, vipande vya waya wa tairi za malori zilizopasuka, vile vinyuzi vidogo vya chuma ambavyo huvioni mpaka uvikute vimezama. Tyubu za akiba walikuwa nazo, viraka walikuwa navyo, pampu hakuna. Watu saba wamekaa kwenye majani saa sita ya mchana. Walisimamisha pikipiki mbili, pampu ya kwanza haikuingia kwenye mdomo mwembamba wa hizi tyubu zetu, ya pili vilevile.

Nikachukua bodaboda nirudi na pampu. Kijana aliniambia elfu nane, nilikuwa sina hata uso wa kubishana. Tulipofika akakaa kwenye kivuli akaangalia tunavyohangaika, kisha akanyanyuka akachukua pampu mkononi mwangu akajaza tairi zote mbili yeye mwenyewe, jasho linamtoka. Nikampa elfu nane akarudisha elfu tatu. "Ya mafuta inatosha kaka. Ila usiwaache tena wagonjwa wako." Katibu kaandika hiyo sentensi kwenye daftari neno kwa neno na kuipigia mstari.

Msata tuliingia saa moja na nusu usiku. Watu kumi na moja, taa zinazowaka tatu. Kipande cha mwisho tulikwenda mstari mmoja, taa moja mbele, moja katikati, nyekundu nyuma, na kila lori likija tunashuka kabisa pembeni. Sitaki kurudia. Gesti elfu kumi na tano chumba, maji ya ndoo, baiskeli tulilala nazo ndani.

Kwa mtakaokuja: pampu ikae kwa mtu wa mwisho. Siyo wa mbele, wa mwisho. Viraka pia, na pesa taslimu kidogo. Na kama tairi zako zina mdomo mwembamba beba kale kaadapta ka shaba, kanakaa hata mfukoni, ukiwa nako pampu ya fundi yeyote wa pikipiki inakufaa. Tyubu zenyewe baada ya Bagamoyo usitegemee kuzipata, utapata za baiskeli za Phoenix tu.

Siku ya pili, Ijumaa: Msata – Mkata, kama km 70

Kikao saa kumi na mbili asubuhi mbele ya gesti, mimi nikiwa mshtakiwa. Hakuna aliyefoka, na hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu alisema maneno machache tu, kwamba jana hatukuwa klabu, tulikuwa vikundi viwili vilivyovaa jezi moja. Tukakubaliana hivi: mbele anakaa mtu wa mwendo wa kati, siyo mwenye nguvu. Wenye nguvu wanakaa nyuma kabisa. Kila kilomita kumi na tano tunasimama dakika tano hata kama hakuna aliyechoka. Na ishara: mkono chini ukielekeza shimo, ngumi juu maana yake simama.

Ishara zilidumu mpaka Wami. Pale barabara inateremka kwenda mtoni, na baiskeli yenye mzigo inapata kasi bila kukuuliza, mimi kisoma mwendo kilionyesha 54 nikaacha kukiangalia. Daraja jipya ni pana, raha tupu, lile la zamani jembamba la gari moja unaliona pale pembeni na unajiuliza mabasi yalikuwa yanapishana vipi na roho za watu. Sasa katikati ya mteremko mkanda uliolegea wa begi la Fundi (yeye ni fundi wa viyoyozi, baiskeli hajui hata kukaza nati) ukaingia karibu na spoki, akapiga kelele, akainua ngumi. Nani anaangalia ngumi ya mtu aliye nyuma yake? Upepo umejaa masikioni, macho yako barabarani. Tukamwona anatembea huku amekumbatia begi kama mtoto, sisi tukiwa tayari upande wa pili wa mto.

Halafu kupanda. Kutoka Wami ni kupanda kwelikweli, jua la saa nne, gia ndogo kabisa, unasikia cheni na pumzi yako tu. Mwalimu alipita na Phoenix yake ya chuma, gia moja, amesimama juu ya pedali anayumba taratibu kushoto kulia kama anakata nyasi. Ana miaka hamsini na nane. Nilimwamkia, akaitikia bila kukatika pumzi.

Mbele kidogo ya Mbwewe tairi ya dada mmoja ikachanika ubavuni, siyo pancha, tairi yenyewe, kama upana wa kucha, tyubu inachungulia nje kama kidonda. Tairi ya akiba hatukuwa nayo. Tukasukuma mpaka kwa fundi wa pikipiki, kibanda cha mabati na tairi limeninginizwa, mzee mmoja na kijana wake. Mzee hakuongea. Alivua tairi kwa mikono, akalipindua ndani nje, akapangusa pale kwenye mpasuko na kitambaa chenye petroli, akachukua tyubu kuukuu ya pikipiki akakata kipande kama ukubwa wa kiganja, kisha kingo zake akazichonga kwa wembe zikawa nyembamba, polepole, kama mtu anayemenya embe bichi. Nikamuuliza shikamoo mzee, mbona unachonga? "Ukiacha kingo nene itakula tyubu yako kabla ya Mkata." Akapiga msasa pande zote mbili, solusheni, akasubiri ikauke, mimi nilikuwa naona inatosha yeye anasubiri tu, kisha akagandisha na kugonga na kishikio cha nyundo. Elfu mbili. Hilo tairi limefika Tanga, na leo naandika bado liko kwenye baiskeli ingawa dada tumemkataza.

Mkata tuliingia saa tisa alasiri, mapema, watu wakaoga wakalala. Mimi na Katibu tukatoka kutafuta ndizi tukakuta mechi uwanjani, vumbi jekundu, watu wamejaa mpaka kwenye mstari wa kona. Ndo nikaona: refa kapuliza filimbi mara moja, watu ishirini na wawili wamesimama, na yule wa mbali kabisa upande wa pili naye kasimama. Tukaangaliana na Katibu.

Baada ya mechi tukamfuata refa. Tukamweleza, baiskeli, Wami, ngumi. Alicheka sana. Filimbi aliyochezeshea hakutoa, akaingiza mkono kwenye soksi akatoa nyingine, ya plastiki ya njano, kamba yake imefungwa fundo. Katibu akatoa elfu tano, refa akaikataa. Akauliza tunapita tena lini. Tukasema Desemba, tunakwenda Moshi. "Basi Desemba mnirudishie."

Kulala elfu kumi na tano, wali na samaki elfu nne. Maji beba ya kutosha kabla ya kutoka mjini, sisi tulihesabu lita moja kwa kila saa mbili na jua likawa linatudai zaidi.

Siku ya tatu, Jumamosi: Mkata – Segera – Muheza, kama km 100

Filimbi akapewa wa mwisho, Fundi, kwa sababu ndiye mwenye mzigo unaoanguka. Moja maana yake punguzeni, mbili simameni. Saa ya kwanza aliipuliza kama trafiki wa Ubungo, kila lori, kila mbuzi, mpaka Mwalimu akasimamisha msafara mzima kwa ajili ya kumwambia aitoe mdomoni. Na watoto wa kijiji kimoja walishaijua, tukawa tunapuliziwa filimbi za midomo kutoka kwenye mikorosho na sisi tunafunga breki.

Ila ilifanya kazi. Kuanzia Mkata mpaka Kabuku ni vilima, unashuka unapanda, unashuka unapanda, na hakuna aliyezidi mita mia kutoka kwa mwenzake. Mwendo wa wastani ulishuka ukawa 18 kwa saa, nilikuwa naumia moyo, halafu nikatazama saa, tuko mbele ya ratiba kwa dakika hamsini. Siku ya kwanza tulipiga 30 tukafika usiku. Hesabu nyingine hazihitaji mwalimu.

Sasa aibu yangu ya pili. Asubuhi sikula. Chai ilichelewa, nikasema nitakula mbele. Kilomita kama sita kabla ya Kabuku miguu ikaisha. Siyo kuchoka, kuchoka nakujua, hii ni kama mtu kachomoa waya: mikono baridi, masikio yanavuma, nikaanza kukasirikia kokoto. Nikasikia kiganja mgongoni. Mwalimu, na Phoenix yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwangu, ananisukuma kupanda. Filimbi mbili. Wakanikalisha chini ya mwembe wakanipa ndizi tatu na soda, ndizi moja ina kama gramu 25 tu za wanga wakati mwili unaoendesha siku nzima unaweza kutaka gramu 60 kwa saa, kwa hiyo mtu aliyekunywa maji matupu toka alfajiri ni suala la muda. Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo ya machungwa kichwani, akaitua, akanipa mawili, akaniambia baba pole, kaa kwanza, barabara haiondoki. Alikataa hela yetu akaenda zake.

Kuleni kabla hamjasikia njaa. Ni ushauri ambao nimeutoa kwa watu mara mia.

Segera tulikula mchana. Bei zilikuwa za abiria wa mabasi, kuku robo na chipsi elfu tisa, tulilalamika tukala. Pale unakata kulia, kushoto ndo Korogwe na Moshi, na kila mmoja wetu aliiangalia ile barabara ya kushoto bila kusema kitu, Dogo tu akasema "tutaonana". Kutoka hapo magari yanapungua, Hale, mashamba ya mkonge yamepangwa mstari mpaka macho yanauma, halafu kijani kinaongezeka na milima ya Usambara inakaa kushoto kwako. Muheza tuliingia saa kumi na moja jioni, wote kumi na moja, kwa pamoja. Gesti elfu ishirini, maji ya moto, nimeandika maji ya moto kwa herufi kubwa kwenye simu.

Siku ya nne, Jumapili: Muheza – Tanga, chini ya km 40

Machungwa, Pongwe, Tanga. Masaa mawili.

Kinachonichekesha mpaka leo ni tulivyoingia mjini. Tumevaa jezi, helmeti, miwani, tumepanga mstari, tunajiona wageni rasmi, na Tanga hakuna aliyegeuka. Tanga baiskeli ni usafiri, siyo mchezo. Mama mmoja amevaa baibui, mtoto nyuma, kikapu mbele, katupita kushoto akigonga kengele, "samahanini jamani", na kwa kasi ileile akapotea. Mtu wangu mmoja wa wale wenye miguu alijaribu kumfuata. Hakumpata.

Raskazone tukatia miguu baharini, picha zipo, halafu stendi.

Kuhusu basi: nauli elfu ishirini, hiyo hatukubishana. Baiskeli kwanza waliomba elfu ishirini kila moja kama abiria, tukashuka mpaka elfu kumi baada ya kama saa nzima ya maneno, na bado walitaka kuzirundika chini ya magunia. Rimu ya Dogo imepinda pale, siyo barabarani, pale, kilomita zote zile imepona ikaja kupindia kwenye buti la basi. Fungua magurudumu mwenyewe, toa pedali, cheni iangalie juu, funga maboksi kwenye gia, na ukae karibu mpaka mlango wa buti ufungwe. Ongea bei siku moja kabla ukiweza. Mfukoni nilirudi na elfu kumi na moja na mia tano kutoka kwenye laki na nusu.

Tulifika stendi ya Magufuli, Dar, saa nne usiku. Tunashusha baiskeli, tunafunga magurudumu gizani, watu wanasukumana, filimbi iko shingoni kwa Katibu sasa, hairuhusiwi kwa Fundi tena. Tukaanza kusukuma kuelekea getini mstari mmoja. Mlinzi wa geti, kwa ajili ya basi lililokuwa linarudi nyuma, akapuliza filimbi yake mara mbili.

Tukasimama wote kumi na moja.